Mbegu za pindo la kanga: nimeotesha nini?

"Shikamoo mwalimu. Mwezi wa pili nilikwenda Newala kwenye arobaini ya babu. Asubuhi ya kuondoka bibi alinifungia mbegu kwenye pindo la kanga, za kila namna, zimechanganyika. Akanitajia majina yake kwa Kimakonde, nami nikawa naitikia tu huku nawahi basi. Nimezipanda hapa Kihonda, Morogoro, masika ilipoanza, kwenye tuta nililoweka samadi ya ng'ombe. Sasa zina wiki kumi, na naona aina tano. Ya kwanza imepanda uzio, kila jani lina vijani vitatu, maua ni ya zambarau na imeanza kutoa maganda bapa. Jirani anasema ni upupu. Ya pili inatambaa kama boga lakini ua lake ni jeupe na linafunguka jioni. Ya tatu imesimama, shina jekundu, majani ya vidole vitano. Balozi wetu amepita akasema hiyo ni bangi, niing'oe kabla mambo hayajafika mbali. Mwanangu wa miaka sita alitafuna jani lake akasema ni chachu kama ukwaju. Ya nne iko miche mitatu, majani kama ya biringanya, maua marefu meupe kama tarumbeta yananukia usiku, na sasa ina matunda ya miiba. Ya tano bado ndogo, majani yake yamepangana vipande vidogo vidogo kama ya mkwaju ila yana manyoya laini, na haijatoa ua. Nimepiga picha za majani kwa simu, programu inanipa jina jingine kila nikijaribu. Naogopa kupika, na naona vibaya kung'oa vitu vya bibi. Nifanyeje?"

Marahaba, mwanangu, na poleni sana kwa msiba wa babu.

Nianze na ya nne, maana hiyo haingoji. Majani yanayofanana na ya biringanya, ua jeupe refu linalofunguka jua likizama, tunda la mviringo lenye miiba: huo ni mnanaha. Una sumu kuanzia mzizi hadi mbegu, na mbegu ndizo za kuogopwa zaidi. Ung'oe kesho asubuhi, kabla matunda hayajakauka na kupasuka, kwa sababu tunda moja hubeba mamia ya mbegu, na zikishadondoka utakuwa unang'oa mnanaha hapo Kihonda miaka na miaka. Vaa glavu, au jifunge matambara mikononi. Usijipanguse macho wakati wa kazi. Utomvu kidogo ukigusa jicho, mboni hupanuka na unaweza kuona ukungu siku nzima au zaidi. Mabaki usiwape mbuzi, wala usiyachome ukakaa kwenye moshi wake. Chimba shimo, fukia, nawa kwa sabuni, ndipo uje tuendelee.

Pengine umejiuliza mbona nimetaja jina bila kuona picha hata moja, na simu yako yenye picha imeshindwa. Sababu ni ndogo: mimi umeniandikia habari za ua na tunda, simu umeionyesha majani.

Jani ni nguo ya mmea. Mmea uleule ukiota kivulini hutoa majani mapana na laini, ukiota juani hutoa madogo na magumu, ukipata samadi hunenepa hadi usiutambue. Tena jani la wiki ya pili si jani la wiki ya kumi. Mimi mwenyewe, na kazi yangu ni mimea, nimewahi kumwagilia mche nyuma ya nyumba kwa miezi miwili nikihesabu mapapai. Siku ulipotoa shada la vitunda vya miiba kileleni, mke wangu alicheka hadi akakaa chini. Ulikuwa mbarika.

Ua halina tabia hiyo ya kubadilika. Petali ni ngapi, zimeungana au zimeachana, vibeba chavua viko vingapi, kifuko cha mbegu kimekaa juu ya petali au chini yake: mambo haya mmea huyarithi na kuyashika, uwe kwenye samadi au kwenye changarawe. Linnaeus, yule Mswidi ambaye kitabu chake cha mwaka 1753 ndicho tunachoanzia majina ya kisayansi ya mimea yenye maneno mawili, aliipanga mimea kwa kuhesabu viungo vya ua. Mimi nami majani siyaamini sana. Kwa hiyo ukitaka programu ya simu ikusaidie, ipe picha ya ua kutoka mbele, ya ua kutoka ubavuni, na ya tunda. Jina litakalotoka lichukue kama fununu. Tafuta maelezo ya mmea huo, kisha simama mbele ya mmea wako na ulinganishe kiungo kwa kiungo. Kimoja kikikataa, jina zima limekataa.

Kuna jambo jingine umeliandika kwa kuzunguka, nami nalisema wazi: unahofia bibi ndiye kakupa sumu. Sidhani. Katazame ile miche mitatu ya mnanaha ilikuwa imesimama wapi, kwenye mstari uliopanda au pembeni, karibu na pale samadi ilipomwagwa. Mnanaha hupenda mazizini, majalalani na kando ya njia, na samadi ambayo haijaoza vizuri huja na mbegu zake ndani. Hata bila samadi, udongo wenyewe ni ghala. Mwaka 1879 mwalimu mmoja wa mimea huko Michigan, Marekani, William James Beal, alizika chupa 20 zenye mbegu za magugu ili ajue zinaishi muda gani ardhini. Chupa mojawapo ilifukuliwa mwaka 2021, zaidi ya miaka 140 baadaye, na baadhi ya mbegu zikaota. Ukichimbua tuta jipya na kulimwagilia unaamsha wapangaji waliokuwa wamelala humo kabla hujahamia Kihonda. Si kila kilichoota kimetoka kwenye kanga.

Kama zilibaki mbegu, ukweli unaweza kuupata mwenyewe. Zimwage kwenye sinia, uzitenge kwa sura na rangi. Chukua udongo kidogo, uloweshe, uweke kwenye sufuria kuukuu na uufukize jikoni kama nusu saa hadi mbegu zozote zilizomo zife. Ukipoa, tia kwenye makopo na upande kila aina kopo lake, mbegu kama kumi. Kitakachochomoza hapo ndicho cha bibi, na hakina mjadala. Mbegu za mnanaha utazijua: ni ndogo, bapa, za umbo la figo kama za pilipili, ila zimekolea kahawia au weusi. Hata ukizikuta, bado si lazima bibi alizikusudia. Mnanaha huota katikati ya mazao na huvunwa nayo. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, watu karibu 300 waliugua na 5 wakafa baada ya kula uji wa unga wa lishe ambao mbegu za mmea huu zilikuwa zimeingia ndani yake. Wale hawakupanda mnanaha, wala hawakuuona.

Ukiwa na sinia mbele yako, nakuomba utoe na mbegu za aina mbili kama zimo, kwa sababu ya huyo mtoto wako mtafunaji. Moja ni ya mbarika, inayong'aa, yenye madoadoa, imefanana na kupe aliyeshiba. Nyingine ni nyekundu ya kung'aa yenye jicho jeusi upande mmoja, watu huitunga shanga. Wengi wanaiita tipitipi. Ni nzuri kutazama, na mtoto akiitafuna ni mahututi.

Tuje kwa balozi. Usimcheke, maana kulima bangi nchini kwetu ni kosa la jinai na mtu mwenye dhamana ya mtaa lazima ashtuke akiona jani la vidole. Lakini safari hii hakusogea karibu. Jani la bangi kila kidole ni kijani kinachojitegemea. Vidole hukutana kwenye ncha ya kikonyo tu, na kati yao hakuna utando. Lako limepasuliwa bila kukatika. Lishike uliweke juani, utaona sehemu ya chini bado ni kipande kimoja, kama kiganja cha mkono. Bangi, majani yake ya chini hutoka mawili mawili yakitazamana. Lako litakuwa linatoka moja moja kwa kupishana. Bila shaka utakumbuka pia kwamba majani yake ya mwanzo hayakuwa na vidole kabisa, yalikuwa mazima. Sasa geuza jani. Kwenye mshipa wa katikati, karibu na kikonyo, kuna kidoa kidogo kinachotoa utamu, na mara nyingi utawakuta sisimizi hapo. Kisha ponda jani moja kwa vidole na maji kidogo. Likiteleza kama bamia, umefika nyumbani kwao: ni ukoo wa bamia na pamba.

Kwa shina jekundu na ule uchachu alioupata mwanao, mimi naiita rosela, wengine choya. Ina nduguye wa karibu, kenafu, ambayo nayo ina majani ya vidole, ila shina lake huwa na vijimiba vidogo vinavyokwaruza. Rosela huwa haina haraka ya kuchanua, inangoja siku zifupike, kwa hiyo usishangae kuwa hujaona ua. Litakapokuja litakuwa la manjano hafifu lenye jicho la damu ya mzee katikati, na likinyauka linaacha kikombe kinene chekundu. Hicho ndicho kinachokaushwa na kuchemshwa juisi. Majani machanga hupikwa mboga. Balozi mkaribishe siku ua likifunguka aone mwenyewe, na ikifika wakati wa mavuno mpe glasi.

Ya kwanza haitanichukua muda. Upupu nao una vijani vitatu, ndiyo maana jirani kashtuka, lakini maua ya upupu huning'inia kwa mashada kuelekea chini na maganda yake yamenona, yamepinda, yamevikwa manyoya ya rangi ya dhahabu iliyofifia, ambayo ndiyo yanayowasha. Ya kwako ina maganda bapa, na natarajia maua yamesimama kwenye mkono unaoelekea juu. Usiyaguse kwanza, tazama tu kwa jicho. Yakiwa hayana manyoya, subiri ganda moja likomae, lifungue: mbegu ikiwa na mstari mrefu mweupe uliotokeza ubavuni, kama ukucha uliobandikwa, hiyo ni fiwi, ambayo wengine huiita ngwara na wenzetu wa Kenya njahi. Maganda machanga hupikwa mboga. Mbegu kavu, hasa za rangi nyeusi au kahawia, zina chembechembe zinazotoa sumu ya jamii moja na ile ya muhogo mchungu, kwa hiyo zilowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, zichemshwe sana na maji ya kwanza yamwagwe tena. Kina mama wa Kusini wanafanya hivyo bila kusoma kitabu.

Ya pili inanipa raha kuielezea, kwa sababu ni chakula kizuri na inaweza kukulaza kitandani, vyote viwili kwa mbegu zilezile. Ua jeupe linalofunguka jioni linaiondoa kwenye boga, tango, tikiti na dodoki, ambazo zote hutoa maua ya manjano. Angalia na kile kikono chembamba cha kujishikia: kikigawanyika ncha mbili, na jani likiwa laini kama kitambaa cha sufi, una mumunye. Mumunye na kibuyu cha kuchotea maji ni mmea mmoja. Watu wamechagua kwa karne nyingi, hawa mbegu za matunda matamu ya kula yakiwa machanga, wale mbegu za matunda yenye ganda gumu, yawe machungu yasiwe machungu, maana kibuyu hakiliwi.

Sasa fikiria bustani ya bibi. Mumunye wake umechanua jioni, na kwa jirani kuna mvibuyu umepanda paa la banda. Mdudu anayezurura usiku anatoka kwa huyu anaingia kwa yule, na chavua ya mvibuyu inatua kwenye ua la mumunye. Tunda litakalotoka litakuwa tamu kama kawaida, kwa sababu nyama ya tunda ni ya mama. Bibi atalipika na kusifu. Lakini mbegu zilizo ndani zimebeba nusu ya mvibuyu, na zikioteshwa, kwa bibi au kwako Kihonda, uchungu unaweza kujitokeza. Kwa hiyo mtu anaweza kukupa kwa moyo safi mbegu za mmea alioula miaka yote, na ukapata kitu ambacho yeye hajawahi kukionja. Fiwi haina sana shida hiyo, maana hujichavusha zaidi yenyewe, na mtoto hufanana na mama.

Kipimo ni ulimi. Kata tunda changa, chukua kipande chembamba kibichi, kiguse kwa ncha ya ulimi, kisha tema. Likiwa halina ladha au tamu kidogo, pika. Likiwa chungu, tupa hilo na mengine yote ya mmea huo. Kuchemsha hakuondoi uchungu huu, chumvi na nazi zinauficha tu, na anayelazimisha huishia kutapika na kuhara, wakati mwingine kuhara damu. Kuna wanaosema kichungu ni dawa, basi wanywe juisi yake. Wasinywe. Kipimo hiki kinafaa hapa kwa sababu mmea tumeshaujua na sumu yake inajitangaza mdomoni. Usikipeleke kwenye mmea usioujua, maana mnanaha haukupi onyo la kutegemea.

Imebaki ya tano, na hapa sitakupa jina la mwisho kwa sababu haina ua. Lakini kuna jaribio dogo linalopendwa na watu wa kazi yetu. Chukua kijani kimoja, kishike ncha na kitako, ukivute taratibu hadi kikatike. Majani mengi hukatika kwa mstari uliochafuka. Kikikatika kwa umbo la mshale, yaani kipande kimoja kina ncha na kingine kina pengo linaloipokea ncha hiyo, basi umeingia kwenye jamii ya utupa. Wapo jamaa zake wengi, wengine ni magugu ya kawaida tu, lakini utupa wenyewe ndio ule unaopondwa na kutiwa mtoni kulewesha samaki, na wakulima hutumia majani yake makavu kuzuia wadudu kwenye mahindi ya ghalani. Mwanamke wa Newala kumfungia mjukuu wake mbegu hizo si jambo la ajabu. Si kila kilichokuwa kwenye pindo la kanga kilikusudiwa chungu. Kuna cha ghala, cha uzio, cha dawa. Mpaka ichanue, izungushie miti mtoto asifike, na majani yake yasianguke kwenye dimbwi la samaki wala maji ya bata.

Usije ukashawishiwa na kipimo cha ndege na mbuzi. Ndege hula pilipili kichaa bila kujali, na mbuzi hula vitu ambavyo vingetulaza sisi, maana miili yao haikujengwa kama yetu. Na usidhani moto unasafisha kila kitu. Maharage mabichi yana sumu ambayo mchemko mkali huiua kweli, sumu ya muhogo na fiwi huondoka kwa kuloweka na kumwaga maji, lakini ya mnanaha hubaki kwenye chungu hata uchemshe mchana kutwa. Ndiyo maana kujua jina kunatangulia kuwasha moto.

Lakini chombo kikubwa cha utafiti unacho, nacho ni bibi. Mpigie, au mwombe mpwa aliye karibu naye akushikie simu. Kosa la wengi ni kuuliza "hii inaitwaje?" Jina litakupoteza: fiwi ya mtu mmoja ni maharage mengine kabisa kwa mwingine, na la Kimakonde utalisahau tena. Muulize unavyomuuliza mpishi. Inaliwa jani, tunda au mbegu? Ikiwa changa au imekauka? Maji ya kwanza yanamwagwa? Inatambaa au inasimama? Ukimsikia anasema "hiyo maji ya kwanza mwaga", ameshakwambia kuna sumu inayotoka kwa maji. Ukimsikia anasema "hiyo haipikwi, weka tu pale", ameshakwambia zaidi. Mweleze pia una maua ya tarumbeta. Ukimya wake au kicheko chake kitakuambia kama alikupa au la. Na umwambie fiwi imepanda uzio. Atafurahi kuliko unavyodhani.

Kuhusu kung'oa kila kitu uanze upya, naelewa kinachokusukuma, na kama ungekuwa na watoto wachanga watatu na hakuna wa kuwaangalia ningekuunga mkono. Kwa hali yako, mnanaha uondoke, ya tano izungushiwe, nyingine zibaki. Mwanao umfundishe kanuni moja tu, kwamba hakuna jani linaloingia mdomoni bila mama kulichuma. Rosela haikumdhuru, lakini kwa umbali wa hatua mbili kulikuwa na mnanaha.

Ikitokea mtu yeyote ameula, dalili zake ni hizi: mdomo kukauka, uso na ngozi kuwa vyekundu na vya moto, mboni za macho kupanuka sana, moyo kwenda mbio, mkojo kugoma, kuongea na watu wasiokuwepo. Usingoje zote zitimie. Usimtapishe, usimnyweshe maziwa wala mafuta, mpeleke hospitali saa hiyohiyo na ubebe tawi la mmea wenyewe, lenye tunda kama lipo. Daktari akiuona mmea anapunguza saa nyingi za kubahatisha. Ni hivyohivyo kwa aliyekula mumunye mchungu akaanza kutapika bila kukoma.

Kwa mambo yasiyo ya dharura, mwanzo ni bwana shamba au bibi shamba wa kata yako. Mwite aje bustanini, kwa kuwa picha humnyima harufu na mguso. Wewe uko Morogoro, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo hakiko mbali nawe. Ikishindikana huko, zipo hazina za mimea iliyokaushwa, kama ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na hazina ya taifa iliyoko Arusha, ambako mmea wako hulinganishwa na uliochumwa na watu waliotutangulia.

Huko hawataki jani moja kwenye bahasha. Ya tano ikichanua, kata tawi la urefu wa kiwiko lenye majani, maua na ganda angalau moja. Litandaze kwenye gazeti bila kulikunja, geuza jani moja mgongo uonekane, funika kwa gazeti jingine, weka kati ya makadibodi mawili na juu yake mawe au mtungi wa maji. Badilisha magazeti kila siku kwa siku za mwanzo, la sivyo litaota ukungu, hasa kwa unyevu wa masika. Likikauka, andika kwenye karatasi tarehe, mahali, mmea ulifika kimo gani, ua lilikuwa na rangi gani lilipokuwa bichi kwa sababu rangi hupotea, na mbegu zilitoka wapi. Mstari wa mwisho andika lile jina la Kimakonde kama bibi anavyolitamka kwenye simu, hata kama huna uhakika na herufi zake.